Sahani Iliyorudi Nusu

Sahani yenyewe ilikuwa ya bati, nyeupe, na ukingo wa buluu uliobanduka mahali pawili. Naitaja kwanza kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka bila wasiwasi. Mengine nayatoa katika daftari nililokuwa naandika siku zile, na daftari limeliwa na mchwa pembeni. Hata pale palipobaki sina hakika kama niliandika yaliyotokea au niliyotaka yatokee. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, shule ya misheni, kwa hiyo anayesoma anivumilie. Nisipojua nitasema sijui.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa. Mwingereza alikuwa bado anatutawala, na huku kwetu Mbozi karibu kila nyumba ilikuwa imepanda kahawa. Sisi tulikaa kwenye mgongo wa kilima kati ya Misheni na Nanyala. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Nyumbani tulikuwa mama, kaka yangu, na mimi niliyerudi.

Kurudi kwenyewe nikueleze upesi. Niliolewa, nikakaa miaka minne, sikupata mtoto. Nikanenepa. Sikunenepa kwa raha, maana nilikula kama wenzangu na nililima kama wenzangu, lakini mwili ulijaa tu kama unga uliotiwa hamira. Siku zangu za mwezi zilikuja zilipotaka, mara baada ya miezi mitatu, mara minne. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alinisindikiza mwenyewe mpaka kwetu na mzigo akaubeba yeye. Ndivyo nilivyorudi.

Kaka yangu alimpata mke Tunduma, sokoni. Yeye alikwenda na maharage, na yule msichana alikuwa ametoka Msangano, bondeni kule kwa Wanamwanga, na karanga za mama yake. Kaka alisimama mbele ya karanga muda mrefu bila kununua. Msichana akamwambia, "Bwana wa milimani, karanga hupimwa kwa kopo. Wewe unazipima kwa macho?" Kaka akarudi nyumbani na karanga nyingi kuliko zilizohitajika. Soko lililofuata akarudi na nyingine. Mama akasema, "Mwanangu, tuzipande au tufanyeje?"

Basi akaja kuwa wifi yangu. Alikuja mnene kiasi, mashavu yamejaa, anacheka mpaka anashika ukuta. Asubuhi ya kwanza alinipigia magoti akasema "Mwapoleni," salamu ya kwao, nami sikujua kuijibu, nikajibu "Asante." Alicheka, nikacheka, na tangu hapo hatukuachana. Kwa utani wa mawifi aliniita Gunia, mimi nikamwita Kopo. Mtu mwingine angeniita hivyo ningelia. Yeye aliponiita nilijisikia kama nimepewa kitu.

Sasa niseme desturi ya nyumba yetu. Nasema ya nyumba yetu kwa sababu sijui kama Wanyiha wenzetu wote walikuwa nayo. Mkamwana hakupewa mafiga yake mpaka azae. Alipika kwa mama mkwe, kwenye moto wa mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyepakua. Naye hakula mbele ya mama mkwe, hilo lilikuwa jambo la aibu kubwa. Alikwenda kwenye nyumba yake ndogo ng'ambo ya ua, na mimi wifi ndiye niliyempelekea sahani. Akimaliza, narudisha. Mama hakumwuliza kama ameshiba. Kumwuliza mkamwana kama ameshiba ni kumwonyesha kwamba unahesabu matonge yake.

Sahani ilirudi nusu.

Siku ya kwanza mama aliitazama akafurahi. "Ameshiba," alisema. Kwetu anayeshiba huacha, na asiyeshiba humaliza, nawe unamwongeza bila maneno. Siku ya pili ikarudi nusu tena. Mama akasema, "Namlemea mtoto wa watu. Anaona haya kuacha chakula kingi." Akapunguza kidogo. Ikarudi nusu ya hicho kidogo. Baada ya wiki mbili akapunguza tena, kwa huruma kabisa, na maneno yake niliyaandika: "Wa bondeni matumbo yao madogo, tusimtese." Ugali uliobaki tulikula sisi. Mwingi nilikula mimi. Nisifiche hilo.

Na kazi hakuacha. Palizi, maji ya kijito, kuni, na kahawa ilipoiva alichuma tangu umande haujakauka, kisha kuimenya, kuiosha, kuianika, kuigeuza juani. Alibeba magunia mpaka Nanyala kwenye ghala la chama cha ushirika pamoja na wanaume. Nilimwambia apumzike. Alisema, "Nikipumzika, mama atasema kaka yako ameoa karanga."

Kahawa ya kwanza ikapita, ikaja ya pili. Mashavu yalikwisha. Bangili aliyokuja nayo, ya shaba, ikawa inapanda mpaka kwenye kiwiko. Hakuacha kucheka, lakini akicheka uliona mishipa ya shingo. Nami niliona jambo jingine, maana tulifua pamoja kijitoni: vitambaa vyake vya mwezi sikuviona tena. Kwanza nilidhani ana mimba, nikafurahi, nikanyamaza. Miezi ikapita na tumbo likabaki bapa. Nikamwuliza.

"Zimekatika," alisema, anasugua shuka. "Tangu kabla ya mvua zile za mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Niseme nini, Gunia? Niseme nimekauka?"

Hapo ndipo baba mkubwa alipoingia. Yeye alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba, na neno la nyumba lilikuwa lake. Nataka niwe mwadilifu kwake kwa sababu nilimchukia, na mtu uliyemchukia ni rahisi kumwandika vibaya. Hakuwa na ukali. Alikuwa amezika ndugu yake, na ndugu yake ameacha mwana mmoja wa kiume, na huyo mwana hana mtoto. Aliona nyumba inazimika. Alikuja akaketi, akamwambia kaka, "Tungoje kahawa hii ivunwe. Ikiisha hana dalili, arudi kwao akapumzike, nawe utafute mwingine."

Kupumzika kulikuwa na maana moja tu, hata kuku wa nyumbani kwetu waliijua. Mimi nilikuwa nimekwisha kupumzishwa.

Kaka alisema hataki mwingine. Aliyasema vizuri, mbele ya watu. Lakini nikumbuke yote: siku chache baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba, akaniuliza, bila kunitazama, "Dada, wewe mumeo alikuwa anakupenda?" Nikasema, ndiyo. Akasema, "Basi kupenda hakutoshi." Mpaka leo natafuta jibu ambalo ningempa.

Mama ndiye aliyesema twende zahanati ya Misheni. Alikuwa amekwisha kujaribu mizizi, na maombi ya akina mama kila Alhamisi. Tulikwenda watatu. Mkunga wa pale alikuwa mama wa Kinyakyusa kutoka upande wa Tukuyu, mnene, mwenye sauti ya kanisani. Alimpima wifi yangu kwa mikono, akamtazama kope, akamwuliza maswali mengine mama akiwa amegeuza uso kwa adabu. Kisha akauliza, "Anakula?"

Mama akasema kwa fahari, "Mpaka anabakiza."

Mkunga akamtazama wifi yangu. Wifi yangu akatazama chini.

Nilipofika nyumbani niliandika aliyotueleza, na nimeyasoma mara nyingi hata karatasi imelainika. Alisema ndani ya kichwa, chini ya ubongo, mna tezi ndogo kama punje ya kunde. "Mnailima kahawa, basi nitawaambia hivi: imening'inia kwenye kikonyo chake kama tunda la kahawa." Daktari aliyewafundisha aliwachorea ubaoni. Hiyo tezi, alisema, ndiyo inayoamrisha viungo vya uzazi vya mwanamke. Haina mikono wala sauti, hutia maagizo yake ndani ya damu, nayo damu huyapeleka. Mwezi kwa mwezi inasema: komaza yai, andaa nyumba. Lakini yenyewe nayo huamrishwa na ubongo ulio juu yake, na ubongo hupata habari za mwili mzima.

"Ubongo unauliza, ghalani kuna nini? Ukiona mwili umekonda, mafuta hakuna, kazi nyingi, unaiambia tezi inyamaze. Maana mtoto ni mgeni wa miezi tisa, na baada ya hapo ananyonya. Utamkaribishaje na ghala tupu? Basi tezi inanyamaza, na siku za mwezi zinakatika. Hajakauka huyu, mama. Amefungiwa mlango kwa huruma."

Mama akauliza, "Nani kaufunga?"

"Mwili wake mwenyewe. Kwetu mwaka wa njaa wanawake wengi walikaa hivyo, hata walioolewa mwaka uleule. Wakasema tumelogwa. Mvua zikaja, wakala, na baada ya mwaka kila mgongo ulikuwa na mtoto. Sikuwa mkunga bado, nilikuwa msichana, lakini niliona."

Siku hizi wajukuu wa kaka wananiambia hayo maagizo yanaitwa homoni, na wananicheka nikiyaita maagizo. Nadhani mkunga aliyaita vizuri zaidi.

Nikauliza na mimi. Sikupanga kuuliza, neno lilitoka. "Na mwenye mafuta mengi? Ghala langu limejaa, mbona mlango wangu umefungwa?"

Hakucheka. Aliniuliza siku zangu zinakujaje, nikamwambia. Akasema yaweza kuwa tezi ileile, na maagizo yaleyale, ila yanafika ovyo, mengine yamezidi, mengine yamepungua. Na kwamba unene wenyewe unaweza kuyavuruga, na mavurugo nayo yakaleta unene, hata usijue kipi kilianza. "Si ulafi, mwanangu. Mtu akikuambia ni ulafi mwambie aje kwangu. Lakini dawa yako sina. Nikisema ninayo nitakuwa nakudanganya."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba si ulafi. Nilitoka nje nikajifanya natafuta kivuli.

Agizo lake kwa wifi yangu lilikuwa rahisi: ale, apunguziwe mizigo, na apimwe uzito kila wiki aone kama anapanda. Mzani wa zahanati ulikuwa wa watoto wachanga tu. Basi akasema, "Nendeni Nanyala, kwenye mzani wa kahawa."

Karani wa mzani alikuwa kijana mwenye kalamu sikioni. Alipotuona hatuna gunia akauliza kahawa iko wapi. Wifi yangu akapanda kwenye jukwaa la mzani akasimama wima kama yuko kanisani. "Hii hapa."

Watu waliokuwa na magunia yao wakaangua kicheko. Karani akasogeza kile chuma cha mzani, akatazama, akasogeza tena, na kicheko chake kikapungua. "Ratili themanini na tisa," alisema taratibu. "Dada, gunia lenyewe linakushinda mbali."

"Daraja la ngapi?" wifi yangu akamwuliza.

"Daraja la kwanza. Ila halijajaa."

Wakaniambia na mimi nipande. Nikakataa. Wifi akanivuta mkono, "Panda, Gunia, usiwanyime watu starehe." Nikapanda. Sitaandika kilichosomwa. Karani alisema kwa adabu sana kwamba mzani una kutu.

Tangu siku hiyo mama aliongeza chakula. Hapa sasa nazungumzia mama, na sitaki mtu amfikirie kuwa mama mkwe wa hadithi. Alichinja jogoo wake. Alimwekea maziwa ya mgando, ugali wa ulezi kwa sababu ndio wa kwao, majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Sahani ilijaa mpaka nikatembea nayo polepole. Na sahani ilirudi. Sasa ilirudi zaidi ya nusu. Jumatatu iliyofuata karani akasoma themanini na saba.

Mama aliketi chini pale jikoni. "Hapendi mkono wangu," alisema. "Miaka yote hii hapendi ninachopika, ndiyo maana anabakiza. Mtoto anakufa kwa sababu ya mkono wangu."

Nikaenda kwa wifi yangu nikamwuliza kwa nini hali. Akasema anakula. Nikamwambia tumia akili, mzani hausemi uongo. Akanijibu, kwa mara ya kwanza akiwa na hasira, "Mama ameambiwa mbele yangu kwamba hanishibishi! Wewe hukuona uso wake? Mnataka nimwaibishe mara ngapi?" Sikuelewa. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu yote mawili na sikuelewa. Nimeandika katika daftari: *Wifi anaonea mama haya. Hana njaa.* Mtu anaweza kubeba sahani miaka miwili asijue kilichomo.

Kahawa ikaisha. Baba mkubwa akaja. Hakupaza sauti, alisema amengoja kama alivyoahidi. Akaniambia mimi nimsindikize mkamwana kwao Msangano, kwa kuwa mimi ni mwanamke na ni rafiki yake, asije akaenda kama aliyefukuzwa. Alidhani ananifanyia wema, na labda ndivyo. Kaka alikaa kwenye kizingiti, ametugeuzia mgongo. Mama alifunga kitenge, ndani akaweka mahindi ya kuchoma, yai la kuchemsha na chumvi, akampa wifi yangu kwa mikono miwili.

Tulitembea siku mbili. Siku ya pili njia inateremka, na joto linakupanda miguuni kama unaingia chumba chenye moto. Wifi yangu alitangulia. Hakulia. Alinionyesha miti ya kwao, akanitajia majina, akaniambia, "Huku Gunia utapungua kwa jasho, nami nitakutambuaje?" Niliiona bangili yake inapanda na kushuka mkononi, nikatamani barabara iwe ndefu.

Mama yake alitupokea kwa vigelegele. Kisha alimtazama bintiye vizuri, vigelegele vikakatika. Hakuuliza kitu mbele ya watu. Alinikaribisha mimi ndani, akaniwekea mkeka, na chakula kikaja: ugali wa ulezi, samaki wa mto Momba waliokaushwa, mchuzi wa karanga. Wenyeji wakatoka wakaniacha nile kwa heshima.

Nilikuwa na njaa ya siku mbili. Nilimaliza. Nilipangusa hata bakuli.

Binti mdogo wa nyumba alikuja kuchukua sahani, akaitazama, akatoka mbio. Nikasikia minong'ono. Sahani ikarudi imejaa. Nikasema moyoni, hawa watu wakarimu, na mimi mgeni nikiacha, hata kama nimeshiba, watadhani sikipendi. Nikamaliza na hiyo. Minong'ono ikawa mikubwa zaidi, na sufuria nyingine ikasikika inatwekwa motoni. Ya tatu alileta mama mwenye nyumba mwenyewe, akapiga magoti mbele yangu, mzee kama mama yangu, akasema, "Mkwe wetu, utusamehe. Tumekufedhehesha. Tumekulaza na njaa mchana."

"Mama, nimeshiba tangu ya kwanza!"

"Mbona unarudisha tupu?"

Nje nilimsikia wifi yangu anacheka. Alicheka kama zamani, ile ya kushika ukuta. Akaingia, machozi yanamtoka, akamweleza mama yake kwa Kinamwanga, kisha akanigeukia. "Gunia, unatuua! Huku mgeni akirudisha sahani tupu anasema mmeninyima. Lazima uache. Ukiheshimu nyumba unaacha nusu."

Nilikuwa nimeinua tonge. Nililishikilia hivyohivyo hewani.

"Nusu," nikasema.

"Nusu."

"Na kwetu? Sahani ya mama?"

"Kwani ningerudisha tupu? Mkamwana mgeni, hana mtoto, hana mafiga, amwambie mama mkwe ananinyima?"

"Ulikuwa na njaa?"

Kicheko kilikuwa bado kipo usoni, hakijapata pa kwenda. "Kila siku," alisema.

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba kwetu anayeacha ameshiba, na mama alipunguza kwa sababu aliacha, na yeye akaacha nusu ya kilichopunguzwa, na mama akapunguza tena kwa kumhurumia. Nikamwambia mama anaamini kwamba anauchukia mkono wake. Nikamwambia na mabaki niliyakula mimi. Wifi yangu aliketi chini palepale mlangoni. "Zile nyama za jogoo," alisema, "nililia kuziacha."

Jioni mama yake aliniita pembeni. Alikuwa amengoja kwa adabu, na sasa alitaka jibu. "Mwanangu, niambie kweli. Umemleta kututembelea, au umemleta kurudi?"

Nilikuwa nimetumwa nimwache. Baba mkubwa alikuwa amesema, nami sikuwa mtu wa kupinga wazee. Mimi mwenyewe niliporudishwa sikusema hata neno moja. Sijui kama nilikuwa na haki. Nilisema, "Nimemleta ale. Akipata nguvu ya njia, nitarudi naye."

Tulikaa wiki tatu. Alikula mbele yangu, sahani moja, mkono wangu na wake. Usiku, mchana, hata sikumbuki tulizungumza nini, nakumbuka anavyotafuna.

Tulipopanda kilima cha nyumbani mama alikuwa anaanika mahindi. Alituona wawili na ungo ukamponyoka. Nilimweleza pale pale uani, kabla ya maji ya kunywa, kwa sababu niliogopa nikingoja sitasema. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu alicheka, kisha kile kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akaziba mdomo kwa kitenge. "Mimi nampunguzia," alisema, "yeye ananiachia. Miaka miwili tunaheshimiana hivyo!"

Akaingia jikoni. Tulidhani amekwenda kulia. Akatoka na jiwe moja la meko yake, jeusi kwa masizi, amelikumbatia kifuani, akavuka ua akaliweka mbele ya nyumba ya wifi yangu. Akarudi akachukua la pili. La tatu kaka alimpokea.

Baba mkubwa alikuja kesho yake, akayaona mafiga yamekaa na moto unawaka. Akasema mkamwana hapewi mafiga kabla ya mtoto, na kwamba yeye hajawahi kuona. Mama akamjibu kwa heshima, amepiga magoti, "Shemeji, hata mimi sijaona. Lakini mtoto hatakuja kwenye nyumba isiyopika." Baba mkubwa akaketi. Wifi yangu akamletea ugali kutoka moto wake mwenyewe. Akala. Akamaliza. Nasema hivi kwa haki yake: alimaliza, akaomba mwingine, na habari ya kumrudisha hakuisema tena.

Jumatatu tulikwenda Nanyala. Kila Jumatatu tulikwenda, hata msimu ulipokwisha na ghala likawa tupu na karani anasinzia. Tisini na moja. Tisini na tatu. Wiki moja ikashuka. Tisini na sita. Ilipofika mia moja na nne karani alipiga kelele kama amepata yeye. Wiki chache baada ya hapo, asubuhi kijitoni, wifi yangu alifungua bunda la nguo zake, akatoa kitambaa kimoja, akakitandaza juu ya jiwe mbele ya macho yangu. Tulikitazama wote wawili kama watu wanaosoma barua.

Sijui ni chakula, au ni mafiga, au ni akina mama wa Alhamisi. Mkunga alisema tezi imeambiwa ghala limejaa. Mama alisema Mungu. Sikuona sababu ya kuwashindanisha.

Mtoto alizaliwa kahawa ikiwa maua, kilima chote kinanukia. Mtoto wa kike. Mimba yote tulimpima mama yake, na alipotimiza siku arobaini tulimpeleka na mtoto kwenye mzani ule ule. Chuma hakikutikisika, alikuwa mwepesi mno. Karani akasema, "Hii bado haijafika sokoni."

Mimi sikupata. Niliendelea kunenepa na tezi yangu iliendelea na mambo yake, kwenye kikonyo chake huko gizani, na sijui inasema nini. Niliwahi kumwonea wivu wifi yangu, jioni mbili au tatu, na nilimwambia. Alinipa mtoto nimbebe akaenda shamba, akanichelewesha kurudi makusudi.

Nyumba yangu ndogo iko ng'ambo ya ua wake. Nilipozeeka mikono ikakataa kupika, sahani yangu hutoka motoni kwake, na kwa miaka mingi aliileta yule binti yake tuliyempima. Nilipomaliza nilirudisha tupu kama mtu wa Mbozi. Naye wifi yangu, kutoka ng'ambo, alipiga kelele ili kilima kizima kisikie, "Mmemnyima Gunia! Mwongezeeni!"